Muziki kwenye gari lililoegeshwa: betri inaisha kabla ya jioni, nianzie wapi?

Kigamboni_Noah

Habari za leo wakuu.

Gari ni Toyota Noah ya petroli, cc 2000, gia otomatiki, ufunguo wa kuzungusha. Jumamosi na Jumapili linaegeshwa uwanjani mlango wa nyuma ukiwa wazi, muziki na matangazo ya mpira kuanzia saa 8 mchana hadi saa 12 jioni, injini imezimwa. Wakati wa kuondoka stata inalia ka-ka-ka na taa za dashibodi zinafifia. Inabidi kubusti.

Vilivyofungwa: redio ya Android ya inchi 9, spika nne za milangoni, na amplifaya ya daraja D yenye wati 300 RMS (nguvu inayoweza kuitoa mfululizo) inayosukuma sabufa ya inchi 12. Simu mbili huwa zinachajiwa kwenye USB. Betri ni 55D23L, ina miaka miwili na nusu. Injini ikiwaka, kwenye vichwa vya betri napima 14.1V. Katikati ya wiki gari haliendi mbali, ni sokoni na kurudi, kilomita 4 hivi.

Naomba kufahamu: ufunguo uwe ACC (umeme wa redio na vifaa vidogo tu) au ON (umeme wa gari zima)? Betri kubwa zaidi itamaliza tatizo? Kuwasha injini dakika 10 kila baada ya saa moja kunatosha? Na je, kuna kifaa cha kuzima muziki chenyewe kabla betri haijafika mahali pa kushindwa kupiga stata?

Fundi_Waya_Tabata

Mkuu, umeweka kila kitu cha kupigia hesabu, basi tuipige.

Redio ya Android ya inchi 9, skrini ikiwaka na sauti ikiwa ya wastani, hula ampea 2 hadi 3. Amplifaya ya wati 300 haili wati 300 muda wote, kwa kuwa muziki hupanda na kushuka. Ukiupiga kwa sauti kubwa, wastani wake huwa kama moja ya tano ya uwezo, yaani wati 60 zinazofika kwenye sabufa. Daraja D hupoteza karibu asilimia 20 kama joto, kwa hiyo betri inatoa wati 75, sawa na ampea 6 na ushee. Nyimbo ambazo besi haipumziki, amapiano kwa mfano, zinaweza kuupandisha wastani hadi moja ya tatu, na hapo ni ampea 10 kwa sabufa peke yake. Mlango wa nyuma ukiwa wazi taa za dari zinawaka: balbu mbili za wati 8 ni ampea 1.3. Simu mbili, weka ampea 1.

Jumla ni kama ampea 11. Kwa saa 4 umetoa 44Ah (ampea-saa, yaani ampea mara saa).

Sasa betri. Hiyo 55 kwenye 55D23L si ampea-saa, na watu wengi wananunua betri wakidhani ndivyo. Ni namba ya daraja la nguvu kwa viwango vya Japani. D ni kundi la upana na kimo cha sanduku, 23 ni urefu wa sanduku kwa sentimita, L ni upande zilipokaa nguzo. Uwezo wake ni 48Ah ukiimaliza kwa saa 5, au kama 60Ah ukiinyonya taratibu kwa saa 20. Kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo inavyotoa kidogo. Wewe unavuta ampea 11, kwa hiyo namba yako ni 48, tena ikiwa mpya. Kwa umri wake na joto la Dar chini ya boneti, ukiihesabia asilimia 70 hujaionea: zinabaki Ah 34 hivi. Unataka kutoa 44 mahali penye 34. Stata haina kosa lolote.

Na hizo 34 zenyewe si zote za muziki. Betri ya kuwashia gari ina sahani nyembamba nyingi, zimetengenezwa kutoa mkupuo wa ampea 100 hadi 200 kwa sekunde moja au mbili, kisha kujazwa papo hapo na altaneta. Ukiikausha na kuiacha hivyo hata siku chache, salfeti inagandamana kwenye sahani na sehemu hiyo hairudi tena kufanya kazi. Kanuni ninayoitumia ni kutoa asilimia 30 tu ya kile ambacho betri inacho kweli. Kwako ni 10Ah. Kwa ampea 11 ni chini ya saa moja. Kwa ampea 2.5, yaani redio peke yake na sabufa imezimwa, ni saa 4 kamili. Kumbe mpira unaweza kuusikiliza mchana kutwa bila shida. Kinachokumaliza ni besi.

Ufunguo uwe ACC. Ukiuweka ON unaamsha kompyuta ya injini, ABS, mifuko ya hewa, dashibodi, na feni ya ndani kama iliachwa wazi. Hizo ni ampea kadhaa ambazo husikii faida yake. Kwenye magari ya zamani yenye distribyuta, ON bila injini huweza hata kuunguza koili. Wenye gari la kitufe: bonyeza mara moja bila kukanyaga breki ndiyo ACC, mara ya pili ndiyo ON. Toyota nyingi za kitufe hujizima zenyewe baada ya dakika 20 za ACC gia ikiwa P, usidhani redio imeharibika.

Ya bure kabisa ya kufanya leo: swichi ya taa ya dari itoe DOOR uiweke OFF. Kama kuna taa ya mlango wa nyuma isiyo na swichi, sukuma kitasa cha kufuli kwa bisibisi mpaka kijifunge kana kwamba mlango umefungwa, taa itazima. Kabla ya kuufunga mlango kweli, vuta mkono wa kufungulia ili kitasa kirudi, la sivyo utakivunja. Zima simu zisichaji hapo. Halafu shusha sauti kidogo: desibeli 3 chini ni nusu ya nguvu inayotoka kwenye amplifaya, na sikio linasikia tofauti ndogo tu. Kile kitufe cha kuongeza besi kwenye redio kiondoe, maana kinaweza kudai nguvu mara mbili au nne kwenye masafa ya chini bila wewe kugusa sauti.

Mzee_wa_Altaneta

Naongezea hapo kwenye dakika 10 kila saa, maana ushauri huo unazunguka sana.

Watu wanaogopa kuwasha mara kwa mara wakisema stata ndiyo inayomaliza betri. Pigeni hesabu: ampea 150 kwa sekunde 2 ni 0.08Ah, kitu kidogo mno. Tatizo la stata ni kwamba inataka ampea nyingi kwa pamoja, na betri iliyochoka volti zake zinaanguka pale pale. Kwa hiyo kuwasha si hasara. Hasara ni kudhani dakika 10 zimerudisha ulichotoa.

Injini ikinguruma gari limesimama, altaneta inazunguka polepole na haifiki uwezo wake ulioandikwa. Ya ampea 80 inaweza kutoa nusu yake au pungufu. Pampu ya mafuta, nozeli, plagi na feni ya rejeta vinachukua chao kwanza. Ukijaliwa, betri inapata ampea 10 hadi 15. Kwa dakika 10 ni kama 2Ah. Anayetumia redio tu, ampea 2 kwa saa, atatoka sare. Wewe unayetoa 11 kwa saa utahitaji dakika 45 au zaidi za injini kwa kila saa moja ya muziki, na Noah ikinguruma hivyo inakunywa karibu lita moja ya petroli kwa saa. Hapo ni bora ufunge betri ya pili.

Na kitu kimoja nasisitiza kwa uzito wote: ukiwasha injini huku mlango wa nyuma uko wazi, moshi wa ekzosi unavutwa kuingia ndani ya gari. Gesi ya kaboni monoksidi haina harufu wala rangi, na inaua. Funga mlango wa nyuma kwanza, fungua vioo vya mbele, na watoto wasikae viti vya nyuma. Kwenye gereji iliyofungwa usiwashe kabisa.

Kisauni_Auto

Ndugu yangu, hesabu za hao wawili ziko sawa, lakini mimi sijaridhika na katikati ya wiki. Huenda gari linafika uwanjani Jumamosi betri tayari iko nusu. Pima vitu viwili kabla hujanunua chochote.

Cha kwanza, volti za asubuhi kabla ya kuwasha. Gari likiwa limelala usiku mzima, 12.6 au 12.7 ni betri iliyojaa, 12.4 ni robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo. Usipime mara tu unapozima injini, kwa sababu chaji ya juujuu itakuonyesha 12.9 ambayo haipo.

Cha pili, umeme unaovuja gari likiwa limezimwa. Weka mita ya umeme kwenye ampea 10 na uhamishie waya mwekundu kwenye tundu la 10A, wengi husahau hapo na fyuzi ya mita hukatika. Zima kila kitu, toa ufunguo. Milango unayotaka iwe wazi, ifunge kufuli zake kwa bisibisi kama alivyoeleza Fundi hapo juu. Legeza kichwa cha hasi, gusisha ncha moja ya mita kwenye kichwa hicho cha waya na nyingine kwenye nguzo ya hasi ya betri, kisha vua kichwa bila kukatisha mguso. Mwanzoni utaona ampea 2 au 3, usishtuke. Ngoja dakika 30 hadi 60 mpaka kompyuta za gari zilale. Gari zima linapaswa kushuka chini ya 0.05A. Mita ikiwa hapo usipige stata wala usifungue ufunguo, utaichoma.

Ikibaki juu, chomoa fyuzi moja baada ya nyingine mpaka uone namba inaanguka. Anza na ya redio, ile yenye RAD kwenye kifuniko, halafu DOME, halafu fyuzi ya amplifaya iliyo karibu na betri.

Kidokezo: 0.05A kwa siku ni 1.2Ah, gari laweza kulala wiki tatu na likawaka. 0.3A ni zaidi ya 7Ah kwa siku.

Kigamboni_Noah

Shukrani sana wakuu. Majibu ya vipimo:

Asubuhi kabla ya kuwasha: 12.21V.
Umeme unaovuja: ulianza 2.9A, baada ya dakika 40 umetulia kwenye 0.28A. Nikichomoa fyuzi ya redio unashuka hadi 0.03A. Ya amplifaya haibadilishi kitu.

Redio huwa tunaizima kwa kitufe cha pembeni, maana ukitoa ufunguo haizimiki.

Kisauni_Auto

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo jibu. Aliyefunga redio ameunganisha waya wa njano na mwekundu pamoja.

Waya wa njano ni umeme wa kudumu. Kazi yake ni kutunza kumbukumbu na pia ndio unaobeba mzigo wenyewe wa redio. Mwekundu ni wa ACC, unaiambia redio kwamba ufunguo umefunguliwa. Mwekundu ukizima, Android inajua ilale, na ikilala vizuri hula miliampea chache. Ukiifunga pamoja na njano, redio inaamini ufunguo uko wazi usiku na mchana. Kitufe cha pembeni kinazima skrini na sauti tu, ubongo wake uko macho. Ndiyo hiyo robo ya ampea.

0.25A mara saa 24 ni 6Ah kwa siku. Kilomita 4 za sokoni zinarudisha 2 au 3. Kila siku unadaiwa. 12.21V ni betri nusu, na unaanza nayo muziki.

Kurekebisha ni kazi ya nusu saa. Vua kichwa cha hasi cha betri. Toa redio, tafuta plagi kubwa ya Toyota ya nyuma: waya wa bluu wenye mstari wa njano ni umeme wa kudumu, wa kijivu ni ACC, wa kahawia ni hasi. Njano ya redio iende bluu-njano, nyekundu iende kijivu, nyeusi iende kahawia. Kama plagi ilikatwa na rangi zimechanganywa, usibahatishe. Rudisha betri, pima kila waya dhidi ya chuma cha bodi: wa kudumu una 12V ufunguo ukiwa LOCK, wa ACC una sifuri kwenye LOCK na 12V kwenye ACC. Unganisha kwa solda na mpira wa kusinyaa kwa moto, au kwa viunganishi vya kubana. Kusokota na kufunga selotepu kwenye joto la dashibodi hakudumu, gundi inayeyuka na waya zinagusana.

Waya wa bluu wenye mstari mweupe wa redio ndio uende kwenye REM ya amplifaya (tundu linaloiamuru iwake). Usimpe mtu nafasi ya kuuchomeka kwenye umeme wa kudumu, kwa sababu amplifaya ikikaa macho bila muziki inaweza kula nusu ampea hadi ampea nzima.

Aqua_Nyeupe

Samahani kuingilia kati. Kwenye Aqua ya haibridi mambo ni hayo hayo, ama betri kubwa ya haibridi inasaidia?

Mzee_wa_Altaneta

Inasaidia ukiwa READY tu. Ukiwa ACC au ON bila ile taa ya READY, redio inakula kwenye betri ndogo ya 12V peke yake, na ile ya Aqua ni ndogo kuliko ya Noah. Kompyuta za gari zikikosa volti haliingii READY, hata kama betri kubwa imejaa.

Kanyaga breki, bonyeza kitufe mpaka READY iwake, acha gia kwenye P na uvute breki ya mkono. Betri kubwa itailisha ile ndogo kupitia kibadilishi cha umeme, na injini itajiwasha yenyewe mara moja moja kurudisha chaji. Gia isikae N, hapo betri kubwa haichajiwi. Kwa kuwa injini hujiwasha bila kuuliza, onyo la moshi na gereji iliyofungwa linakuhusu wewe zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Na betri ya 12V ya haibridi iliyokaa ndani ya gari ni aina iliyozibwa yenye bomba la kutolea hewa nje. Usikubali kuwekewa ya kawaida ya maji kwa sababu ya bei; ikichajiwa hutoa haidrojeni, na hiyo ukiwa umefungiwa nayo ndani ni hatari ya mlipuko.

Betri_na_Jua

Mleta mada, swali lako la kifaa cha kujizima halijajibiwa, na ndilo ninalolipenda.

Kipo, na watu wa sola wanakijua miaka mingi: moduli ya kukata umeme volti zikishuka. Kariakoo au Luthuli kule Nairobi utaipata kwenye maduka ya elektroniki. Kosa la kawaida ni kuiweka kwenye waya mnene wa amplifaya, ampea 30 zikaiyeyusha. Si lazima. Ikate waya mwekundu wa redio tu, baada ya kuutenganisha kama ulivyoelekezwa. Mwekundu ukikosa umeme, redio inazima. Redio ikizima, waya wa REM unakufa. Amplifaya nayo inazima. Mfumo mzima umezimwa kwa waya unaobeba chini ya ampea moja. Kumbukumbu na saa vinabaki kwa sababu njano haikuguswa.

Waya za kupimia za moduli zipeleke moja kwa moja kwenye nguzo za betri, zikiwa na fyuzi ya ampea 1 upande wa chanya. Ukizichukua nyuma ya redio, volti zinazopotea njiani zitaidanganya moduli na itakata mapema. Pangilia hivi: redio peke yake, ikate kwenye 12.2V. Kukiwa na sabufa, ikate kwenye 12.0V na uipe ucheleweshaji wa sekunde 30 hadi 60, maana kila pigo la besi linavuta volti chini kwa muda mfupi na bila ucheleweshaji muziki utakatika katikati ya wimbo. Kurudi, weka 13.2V. Namba hiyo ni muhimu: betri ikipumzika baada ya kukatwa, volti hupanda zenyewe hadi 12.3 au 12.4, na ukiweka kurudi kwenye 12.4 muziki utawaka na kuzima mpaka betri ife. 13.2 haifikiwi bila injini kuwaka.

Angalia pia moduli yenyewe inakula nini. Zile zenye skrini ya tarakimu zinaweza kula miliampea 20 au 30 muda wote. Umetoka kuziba uvujaji wa redio, usifungue mwingine.

Kuhusu betri kubwa zaidi: kutoka D23 kwenda D26 ni sentimita 3 zaidi za urefu, upana na kimo ni vile vile, pima trei kwanza. 80D26L ina 55Ah kwa kipimo cha saa 5, dhidi ya 48 zako. Ni Ah 7 zaidi, na ukichukua asilimia 30 ni Ah 2 za muziki. Kwa ampea 11 ni dakika 11 au 12 hivi. Usinunue kwa sababu hiyo. Nunua siku ya sasa ikifa, kama inaingia.

Anayetaka besi saa 4 anahitaji betri ya pili ya mzunguko wa kina (iliyotengenezwa kutolewa chaji nyingi na kujazwa tena), iliyozibwa, aina ya AGM (asidi imenyonywa kwenye mikeka, haimwagiki) kwa kuwa itakaa ndani ya gari. Hiyo unaweza kutoa nusu yake bila kuiumiza sana. 44Ah zinataka betri ya 100Ah. Kati yake na ya mbele weka rilei inayofuata volti: inaunganisha zikifika 13.3V altaneta ikichaji, inatenganisha zikishuka 12.8V. Waya wa milimita za mraba 16, fyuzi ya ampea 60 kila upande, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye kila betri. Fyuzi mbili, si moja, kwa sababu waya una umeme kutoka pande zote mbili na ukichanika katikati ya bodi, upande usio na fyuzi unawasha moto. Betri ifungwe kwa mkanda wa chuma; kilo 30 zikiruka kwenye ajali zinaua. Amplifaya na waya wa njano wa redio vihamie kwenye betri hii. Ya mbele inabaki ya stata tu, na hapo hata muziki ukikauka gari linawaka.

Mambo mawili watu hawaambiwi. Usifunge betri mpya sambamba na kuukuu bila rilei, kuukuu huinyonya mpya. Na betri ya lithiamu usiiunge kwa rilei hii: inavuta ampea nyingi mno na altaneta inaungua. Inataka chaja ya kati yenye kikomo, ya ampea 20 kwa mfano.

Tena hizo 44Ah hazirudi kwa kilomita 4 za sokoni. Jumapili usiku chomeka chaja ya umeme wa nyumbani, ampea 10, mpaka asubuhi. Kama umeme uko mbali na maegesho, paneli ya sola ya wati 50 na kidhibiti chake vikilazwa juu ya paa hutoa Ah 10 hadi 12 kwa siku ya jua zuri. Uwanjani kwenyewe usitegemee sana, kuanzia saa 10 jua limeinama na paneli iliyolazwa inatoa kidogo.

Kigamboni_Noah

Waya zimetenganishwa. Redio inazima ikitolewa ufunguo, na uvujaji sasa ni 0.02A. Betri imechajiwa nje ya gari kwa ampea 5 usiku mzima, imepumzika saa 12, inasoma 12.55V. Nikipiga stata inashuka hadi 9.9V kisha inawaka. Taa za dari nimeweka za LED. Kwa sasa nitaanza na moduli, sabufa nitaipunguza, betri ya pili baadaye. Hii betri bado ni ya kutegemea?

Fundi_Waya_Tabata

Ya kutegemea kwa redio, si kwa sabufa ndefu. Kikomo cha kawaida wakati wa stata ni 9.6V, lakini hicho ni kwa hali ya hewa ya nyuzi 20 hivi. Kwa joto la Dar betri inapaswa kufanya vizuri zaidi ya hapo, kwa hiyo 9.9 inaonyesha imeanza kuchoka. Moduli iweke 12.1V badala ya 12.0 kwa betri hii.

Kama ina vifuniko vya kufungua, angalia maji yamefunika sahani, ongeza maji yaliyokenekwa tu, kamwe si asidi, kisha uichaji na kupima kila chumba kwa haidromita (kifaa cha kupima uzito wa asidi ukilinganisha na maji). Vyumba sita vikikaribiana, endelea nayo. Kimoja kikiwa chini ya vingine kwa 0.050 au zaidi, chumba hicho kimekufa na hakuna chaja itakayokirudisha. Safisha vichwa vya betri kwa maji ya moto na magadi, kausha, kaza, paka grisi. Rudia kipimo cha stata baada ya mwezi. Ikishuka chini ya 9.6, badilisha kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Na waya za kubusti zibaki garini. Chanya ya betri iliyokufa kwanza, kisha chanya ya msaidizi, kisha hasi ya msaidizi, na ya mwisho kwenye chuma kinene cha injini ya gari lililokufa, si kwenye nguzo ya hasi, ili cheche irukie mbali na gesi ya betri. Gari la msaidizi lingurume dakika 5 kabla hujapiga stata. Otomatiki haisukumwi ikawaka, kwa hiyo usiwachoshe watu uwanjani.